Pushapu: Maandalizi kwa wanaolenga kujiunga na jeshi

Katika mtaa wa Milimani, Nakuru, barabara zinazopanda kuelekea Menengai huwafaa wakimbiaji. Hata hivyo, kijana anayetamani kujiunga na Jeshi la Ulinzi la Kenya (KDF) hahitaji miguu pekee. Makurutu wa kawaida huwa wa umri wa miaka 18 hadi 26, na kwa kawaida kila kituo hutengewa siku moja ya usajili. Asiyejiandaa huenda asipate nafasi nyingine.

Pushapu huimarisha misuli ya kifua, mabega na nyuma ya mikono. Mwili sharti unyooke kutoka kichwani hadi visiginoni, kifua kikaribie ardhi, kisha mikono inyooke kabisa. Anayeshindwa aanzie ukutani, halafu kwenye benchi, kabla ya kushuka chini.

Anayemudu 20 kwa mkupuo afanye 10, mara nne au tano, akipumzika dakika mbili kati ya mikupuo. Siku tatu kwa wiki zatosha, kwani misuli hujijenga wakati wa mapumziko. Maumivu makali ya bega au kiwiko ni ishara ya kusitisha zoezi.

Anayengoja tangazo la usajili ndipo aanze, amekwisha kuchelewa.