Sarafu Ardhini, Maneno Kinywani: Kuhusu Uchimbuaji wa Fedha za Kale Baraka na Fizi

Mtu akipitisha mashine ya kugundua metali juu ya kiwanja kitupu cha Baraka, au parsele kama tusemavyo kwetu, hatakawia kusikia mlio. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba mlio huo aghalabu si wa sarafu, na kwamba ukiwa wa sarafu, anayeichimbua kwa pupa huifuta historia ile ile anayodai kuitafuta.

Tuanze na mashine yenyewe. Hupeleka uga wa sumaku ardhini, na metali yoyote iliyomo huujibu kwa uga wake. Haijui tofauti ya rupia na ganda la risasi, kwa kuwa yote mawili huipa jibu linalokaribiana. Na ardhi ya Fizi imepokea risasi nyingi mno: za maasi ya 1964 na 1965, za miaka mingi ya maficho ya PRP milimani kuanzia 1967, za vita vya 1996 na vile vya 1998. Kwa hiyo jembe linalofuata mlio huweza kukutana na bomu ambalo halijalipuka. Jambo hili peke yake lingetosha kumfanya mwenye busara aiweke mashine chini.

Lakini kuna jambo la pili, nalo ndilo linalomhusu zaidi mwanafunzi wa historia. Fedha ya kale zaidi ya ziwa hili hailii. Burton na Speke walipopita Ubwari kwenda Uvira mwezi wa Aprili 1858, malipo ya njiani yalikuwa vitambaa na shanga. Cameron, aliyefika Ujiji mwaka 1874, aliikuta soko ikitumia shanga ziitwazo sofi, zenye umbo la vipande vya kiko kilichovunjika. Mwuzaji alibadili bidhaa zake kwa sofi asubuhi, akanunua alivyotaka, kisha jioni akazibadilisha tena kwa wale walioifanya kazi hiyo kuwa biashara. Huo ulikuwa mfumo kamili wa fedha, na mbele yake mashine ni kiziwi. Anayepima utajiri wa zamani wa Baraka kwa milio atasema wazee wetu hawakuwa na fedha kabla ya Mzungu. Na kosa hilo tayari limekwisha kuandikwa mara nyingi mno bila msaada wa mashine.

Sarafu nazo zina hila zao. Riale ya Maria Theresa, iliyozunguka pwani na bara, hubeba mwaka 1780 hata kama ilipigwa karne moja baadaye. Tarehe iliyo usoni mwake haisemi lolote juu ya shimo ilimotoka. Pesa ya Sultani Barghash yenye picha ya mizani ni ya mwaka 1299 wa Hijra, yaani 1882. Sarafu za shaba za Dola Huru ya Kongo, zilizoanza kupigwa 1887, zina tundu katikati, hata ziliweza kutungwa kambani kama shanga. Kisha wako ndovu wawili wanaowapoteza watu. Ndovu wa kwanza yumo katika sarafu ya dhahabu ya rupia 15 ambayo Wajerumani waliipiga Tabora mwaka 1916, walipokuwa wamezingirwa na vita. Wa pili yumo katika faranga 2 za Kongo ya Wabelgiji, sarafu ya pembe sita iliyopigwa Philadelphia mwaka 1943, nayo ni shaba ya njano tu. Mwenye kumwona ndovu akaanza kuota dhahabu, na ahesabu pembe kwanza.

Thamani ya sarafu kwa mwanahistoria iko katika jirani zake. Mwaka 1984, huko Mtambwe Mkuu kisiwani Pemba, waakiolojia walichimbua sarafu ndogo za fedha zaidi ya 2,000 pamoja na dinari chache za dhahabu za kigeni. Zile za fedha zilipigwa na watawala wa pwani, wala hazina mwaka. Ni zile dinari, zenye miaka yake, zilizosaidia kuziweka nyingine katika wakati wao. Laiti mtu angalizitoa dinari usiku akaziuza, zile ndogo zingebaki bila umri.

Msomaji atasema kiwanja kitupu hakina mwenyewe. Kinaye. Sheria ya ardhi ya mwaka 1973 inasema ardhi ni mali ya Dola, na amri yenye nguvu ya sheria ya tarehe 15 Machi 1971 inalinda mali za utamaduni.

Kwa maoni yetu, ipo njia ya kutafuta isiyohitaji shimo. Wajerumani walianzisha hela mwaka 1904, mia kwa rupia moja. Sarafu hiyo imekufa, lakini ng'ambo ya ziwa, Kigoma, kila mtu husema hela kwa maana ya fedha yoyote. Majeshi ya Kongo ya Wabelgiji yaliingia Kigoma na Tabora mwaka huo huo wa 1916. Yumkini askari na wapagazi walirudi na hela mifukoni. Hata hivyo neno halikushika upande wetu. Hapa Baraka tunasema feza, au franga. Kwa nini sarafu ivuke maji na jina lake libaki ng'ambo? Swali hilo linajibika, ila kwa wazee walio hai, siyo kwa jembe: waliitaje sarafu yenye tundu, mahari ilihesabiwa kwa nini, kodi ya Bula Matari ililipwa kwa nini. Mwaka 1967 zaire iligawanywa katika makuta mia moja. Zaire yenyewe iliondolewa mwaka 1998, wala likuta halinunui kitu tena, lakini mtu asiye na fedha bado husema hana makuta.