Safu Iliyokosekana Daftarini

Baba yangu alikuwa karani wa mizani kwenye kituo cha kununulia kahawa huko Mbozi. Mkulima alitua gunia, baba akatazama mshale, akaandika kilo. Kwake ndiko nilikojifunza hesabu ya vijiti: vinne vimesimama, cha tano kinavikata. Hadi leo hapa Tunduma, kando ya foleni ya malori yanayosubiri kuvuka kwenda Nakonde, utawakuta makarani wakihesabu magunia ya mahindi kwa vijiti hivyohivyo.

Nilipokuwa mwalimu wa michezo katika shule ya msingi, miaka ile Tunduma ikiwa bado ndani ya Wilaya ya Mbozi, Mkoa wa Mbeya, kabla ya Songwe kuwa mkoa mwaka 2016, nilivihamishia vijiti kwenye netiboli. Kila bao, kijiti. Siku ya kuchagua timu ya kwenda wilayani nilifungua daftari, nikawaita wenye vijiti vingi.

Netiboli ina wachezaji saba uwanjani, na kati yao wanaoruhusiwa kufunga ni wawili tu. Nilikuwa na binti mmoja wa Kinyamwanga aliyecheza katikati. Mpira ulikuwa haufiki golini bila kupita mikononi mwake, lakini daftarini hakuwa na kijiti hata kimoja. Nilimwacha. Asubuhi ya safari alikuja kutusindikiza, akatubebea mipira mpaka garini, akarudi kwao. Tulikofika tulifungwa vibaya, na wafungaji wangu walisimama chini ya goli wakiusubiri mpira usiofika.

Nilimkumbuka binti huyo Juni moja ya hivi karibuni, mwana wa kaka yangu aliporudi likizo kutoka Dar es Salaam na gongo la mbao na glavu ya ngozi. Besiboli ilianza kufundishwa kwenye shule zetu nchini mwaka 2012 na Mjapani Shinya Tomonari, aliyewahi kuifundisha Ghana. Mwaka 2018 ukafunguliwa uwanja wake katika Shule ya Sekondari Azania, ukapewa jina la Koshien, uwanja ambao wanafunzi wa sekondari wa Japani wamekuwa wakishindania ubingwa wao tangu 1924. Softiboli ni ndugu wa mchezo huo: mpira mkubwa zaidi, uwanja mdogo zaidi, na mrushaji hurusha kwa mkono unaopita chini ya kiuno. Wasichana wa mtaani kwetu waliipenda siku ileile alipowaonyesha, licha ya upepo wetu wa Juni unaojaza vumbi machoni.

Nilikaa pembeni na daftari, nikaanza vijiti vyangu. Kila aliyeupiga mpira akafika besi salama, kijiti.

“Na yule aliyepewa besi, shangazi?” kijana akaniuliza. Mrushaji alikuwa amemrushia binti mmoja mipira minne mibaya, naye hakuigusa. Kwa kanuni alitembea hadi besi ya kwanza bure.

“Hajapiga kitu,” nikamjibu.

“Lakini amefika.”

Jibu lake lilinitafuna usiku kucha. Nilipoanza kuisoma historia ya mchezo huo, nikakuta kosa langu lina umri wa zaidi ya miaka mia moja. Henry Chadwick, mwandishi wa habari aliyezaliwa Uingereza mwaka 1824 na kuhamia Marekani, ndiye aliyewazoesha watu wa besiboli kutunza hesabu za mechi. Alitokea kwenye kriketi, ambako mpigaji husifiwa kwa alichokipiga. Kwake, mipira mibaya ilikuwa kosa la mrushaji; aliyesubiri kwa subira hakustahili sifa. Hivyo wastani wa mpigaji ukawa mapigo yaliyofanikiwa kugawanywa kwa zamu za kupiga, na zamu ya kupewa besi haikuhesabiwa kabisa.

Mwaka 1887 wakubwa wa besiboli walijaribu kuihesabu kama pigo. Wastani ukafura: Tip O'Neill wa St. Louis, ambaye kwa hesabu ya kawaida alipata 0.435, akakaribia nusu kamili. Msimu ulipokwisha, kanuni ikafutwa. Mwaka huohuo, huko Chicago, vijana waliokuwa ndani ya jengo la klabu walifunga glavu ya ndondi ikawa mpira, wakaipiga kwa mpini wa ufagio. Softiboli ilizaliwa hivyo, ikarithi na daftari la Chadwick.

Mwaka 1947 klabu ya Brooklyn Dodgers ilimwajiri Allan Roth, mtu wa takwimu. Mwaka 1954 aliyekuwa bosi wake huko, Branch Rickey, aliandika katika jarida la Life, akitegemea hesabu za Roth, kwamba kufika besi ndiko kupimwe, iwe kwa pigo au kwa kupewa. Ligi kuu za Marekani zilikikubali kipimo hicho rasmi mwaka 1984. Roth alifariki mwaka 1992.

Chukua wasichana wawili, kila mmoja kasimama kwenye gongo mara kumi. Wa kwanza kapiga vizuri mara nne, kashindwa sita: wastani wake 0.400. Wa pili kapiga mara mbili, kapewa besi mara nne, kashindwa nne: wastani wake ni mbili kwa sita, 0.333. Daftari la Chadwick litamchagua wa kwanza. Lakini wa pili amefika besi mara sita katika kumi, wa kwanza mara nne. Asiyefika besi hawezi kuzizunguka zote na kurudi besi ya nyumbani na pointi.

Kwa watoto tahadhari inazidi. Mechi zao ni chache. Katika zamu kumi, pigo moja tu la bahati humtoa mtoto 0.200 hadi 0.300. Tena wadakaji wao huangusha mipira mingi, na mpigaji aliyefika kwa kosa la mdakaji hahesabiwi pigo. Kwa hiyo mwalimu asimhukumu mtoto kwa namba ya wiki mbili.

Baba aliandika kilo. Safu ya aliyechuma kahawa nyekundu tupu, akaiacha mbichi mtini, haikuwemo, na bei ikawa moja kwa wote. Nami nilirithi daftari lake pamoja na upungufu wake.

Sasa ukurasa wangu una safu tatu: aliyepiga, aliyepewa, aliyefika. Walimu wenzangu wa netiboli nawaomba waongeze ya nne: aliyetoa pasi ya bao. Yule binti wa katikati angeijaza peke yake.