Kikomo cha Nguo za China Afrika Kusini: Nani Alilindwa?

Kuanzia tarehe 1 Januari 2007 hadi mwisho wa 2008, Afrika Kusini iliweka kikomo cha nguo na vitambaa vinavyoingia kutoka China, katika makundi 31 ya bidhaa. Chama cha wafanyakazi wa viwanda vya nguo, SACTWU, kilikuwa kimelidai jambo hilo kwa nguvu, na kwa haki. Viwanda vya Cape Town na Durban vilikuwa vikifungwa, na waliopoteza kazi wengi wao walikuwa wanawake wenye familia zinazowategemea. Walistahili ulinzi. Kikomo kile hakikuwapa.

Kisheria hakikuwa na kasoro. China ilipojiunga na Shirika la Biashara Duniani (WTO) Desemba 2001, ilikubali kwamba hadi mwisho wa 2008 wanachama wengine wangeweza kuzuia nguo zake zikivuruga masoko yao. Marekani na Umoja wa Ulaya walikwishaitumia ruhusa hiyo mwaka 2005.

Kasoro ilikuwa kwamba kilibana nchi moja na kuziacha nyingine. Mwagizaji wa maduka makubwa hutazama bei na tarehe ya mzigo kufika. China ilipobanwa, alipeleka oda Bangladesh na Vietnam, na mshonaji wa Cape Town akabaki vilevile.

Tuchukue shati moja la kiume. Kiwanda kinacholishona hakifumi kitambaa. Hununua kitambaa, uzi, vifungo na bitana ya kola, kisha hukata na kushona. Kwa kuwa vitambaa navyo vilikuwemo katika kikomo, mkataji wa Salt River, Cape Town, aliyetegemea kitambaa cha China alijikuta amebanwa, na juu ya hapo kitambaa cha kigeni kilitozwa ushuru wa asilimia 22. Wakati huohuo, shati lililoshonwa Bangladesh kwa kitambaa hichohicho cha China liliingia bila kikomo chochote, mradi lilipiwe ushuru wa kawaida wa nguo. Sioni namna ya kuitetea sera inayomwadhibu anayeshona nyumbani na kumsamehe anayeshona nje.

Hata hiyo miaka miwili haikutosha. Hakuna mwenye kiwanda anayekopa kununua mashine mpya akijua kwamba kinga itaondoka kabla hajamaliza kulipa mkopo. Wala hakuna aliyelazimishwa kununua. Mpango wa kusaidia viwanda vinavyoboresha mashine na ujuzi ulikuja 2010, kikomo kikiwa kimekwisha. Ungetangulia, au angalau ungeanza siku moja nacho.

Wasomaji wa Afrika Mashariki wana sababu ya kulifuatilia hili. Julai 2022 Jumuiya yetu ilianza kutumia kiwango cha juu cha ushuru cha asilimia 35, na nguo zimo. Ushuru huu hautofautishi China na Vietnam, na kwa hilo ni bora kuliko kikomo cha Afrika Kusini. Lakini sehemu kubwa ya pamba ya Simiyu na Shinyanga, Tanzania, bado inasafirishwa nje ikiwa imechambuliwa tu, na viwanda vyetu vya kusokota na kufuma ni vichache mno kuvilisha viwanda vya kushona. Kila mwenye kiwanda anayenufaika na asilimia hizo 35 aelezwe kwa maandishi ni mashine gani anatakiwa kufunga, na kwa tarehe ipi.