Uvimbe wa Jinja na Vichwa vya Mbale

Ilimu ya kuchungua maradhi katika nyama ya mwili, ambayo matabibu huiita patholojia, ina istilahi zake, na asiyezizoea hudhani kuwa zote zatisha sawasawa. Lakini uvimbe ni neno pana, huchukua jipu lililojaa usaha, na mtoki uliofura kwa ajili ya kidonda cha mguu, na kinundu kisichodhuru ambacho mtu huishi nacho hata uzeeni, na pia saratani, ambayo ni kuzaana kwa chembe za mwili pasipo kiasi, hata zikavamia viungo vya jirani na kusafiri kwa njia ya damu na limfu kwenda kukaa mbali na zilikotoka. Saratani nazo si aina moja: ianzayo katika ngozi na tando za viungo ni kasinoma, ianzayo katika mifupa na misuli ni sarkoma, na ile ya chembe za limfu, zinazopigana na maradhi, ni limfoma.

Nayatanguliza haya kwa kuwa katika Uganda, kwa miaka mingi, ugonjwa mmoja wa watoto ulikuwa ukiandikwa madaftarini kwa majina mengi: mtoto aliyevimba taya aliandikiwa sarkoma ya taya, aliyevimba tumbo akaandikiwa saratani ya figo au ya kiungo kingine, wala hakuna aliyekosea sana, maana kila tabibu alikitazama kiungo kilicho mbele yake.

Mwaka 1957 Dakta Denis Burkitt, mpasuaji mzaliwa wa Ireland aliyekuwa chongo tangu utotoni, aliitwa na mwenziwe Hugh Trowell katika hospitali ya Mulago, Kampala, amtazame mtoto wa miaka mitano aliyevimba taya zote, juu na chini, kulia na kushoto. Jambo lile lilimtatiza, kwa kuwa jipu halifuri pande nne kwa pamoja, na saratani nayo kwa desturi huanzia mahali pamoja. Majuma machache baadaye alikwenda mji wa Jinja, na alipokuwa hospitalini akizungukia wagonjwa alitupa jicho dirishani, akamwona nje mtoto mwingine na mamaye, uso wake umefura vilevile. Akaacha alilokuwa akilifanya, akatoka, akampima, na tumboni akakuta uvimbe mwingine. Mimi naona kwamba hapo Jinja, si Kampala, ndipo ugonjwa huu ulipojulikana kuwa ni mmoja, kwani mgonjwa wa kwanza angeweza kuhesabiwa kuwa ajabu tupu, ila wa pili, mwenye taya na tumbo kwa pamoja, aliyaunganisha madaftari yaliyotengana.

Burkitt akapekua kumbukumbu na kukusanya picha, na mwaka 1958 akaandika habari za watoto 38, akiuita ugonjwa huo sarkoma; hata Gregory O'Conor, mwanapatholojia Mmarekani aliyekuwa Kampala, alipozitazama chembe zake kwa hadubini, ikadhihirika kuwa ni limfoma. Mwaka 1961 Burkitt na wenziwe wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, walisafiri kwa motokaa kuukuu maili 10,000 hivi, kwa majuma kumi, wakiuliza hospitali kwa hospitali hata kusini mwa Afrika, wakabaini kuwa uvimbe ule hufuata joto na mvua, na kwamba karibu na ikweta hauonekani sana juu ya futi 5,000. Mji wa Mbale, ulio chini ya futi 4,000, umo ndani ya mpaka huo, na vijiji vya juu vya Mlima Elgon viko nje yake. Mpaka huo ulifanana mno na ule wa malaria kali, na mwaka 1964 Anthony Epstein, Yvonne Barr na Bert Achong wakatangaza huko London kuwa wameona kirusi ndani ya chembe zilizopelekwa kwa ndege kutoka Uganda, nacho ndicho kirusi cha kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu. Kirusi hicho karibu kila mtu anacho. Malaria ya mara kwa mara ndiyo hukipa nafasi ya kudhuru.

Mbale nayo ina kisa chake, cha karibuni zaidi. Hospitali ya watoto ya CURE ilipofunguliwa huko mwaka 2001, waliletwa wachanga wengi wenye kichwa maji, yaani waliojaa majimaji ndani ya ubongo hata fuvu likatanuka, na katika vitabu vya ng'ambo maradhi hayo aghalabu hutajwa kuwa ni kilema cha kuzaliwa nacho. Benjamin Warf, mpasuaji wa ubongo kutoka Marekani, aliona kwamba kwa kiasi cha 6 katika kila 10 chanzo kilikuwa ni maambukizo, mengi yake yakiwapata watoto katika mwezi wa kwanza wa maisha, yakaacha makovu yaliyoziba mapito ya maji hayo. Basi hapakuwa na budi kuchungua ni kijidudu gani, na mwaka 2020 wachunguzi walitangaza kuwa katika majimaji ya watoto hao wamekuta bakteria wa jamii ya Paenibacillus, ambao hawaoti kwa urahisi katika vyombo vya kawaida vya maabara, na ambao walipatikana kwa kusoma chembe za urithi zilizomo katika majimaji yenyewe.