Losheni ya jua na saratani ya ngozi

Losheni ya jua ni mafuta yanayopakwa mwilini ili kupunguza mionzi ya urujuanimno inayopenya ngozini. Mionzi hiyo huharibu vinasaba vya seli, na madhara yakirundikana kwa miaka mingi huweza kuzaa saratani.

Ushahidi wenye nguvu zaidi ulitoka Nambour, mji wa jimbo la Queensland, Australia. Kuanzia 1992 hadi 1996, watu wazima 1,621 waligawanywa kwa bahati nasibu: wengine walipewa losheni ya kupaka kila siku, wengine wakaachwa wapake wapendavyo. Katika kundi la kwanza, saratani ya seli bapa ilipungua kwa takribani asilimia 40, ingawa ile ya seli za msingi haikupungua kwa kiwango cha kuaminika. Miaka kumi baada ya jaribio kwisha, melanoma, iliyo hatari kuliko hizo mbili, ilikuwa imewapata watu 11 wa kundi la kila siku na 22 wa kundi la pili.

Baadhi ya tafiti za kulinganisha watu bila kuwagawa hivyo zilionyesha kinyume, kwamba wapakaji ndio wauguao zaidi. Matokeo hayo yasimtishe mtu. Mara nyingi anayepaka sana ndiye mwenye ngozi nyepesi kuungua, au anayeshinda juani kwa kuwa anajiona amekingika. Kiasi nacho ni tatizo: kinga iliyoandikwa kwenye chupa hupimwa maabara kwa miligramu 2 kwa kila sentimita moja ya mraba, ilhali wengi hupaka chini ya nusu ya hapo. Losheni ya namba 30 iliyopakwa kidogo haina kinga ya 30. Inapasa kurudiwa kila baada ya saa mbili, na baada ya kuoga baharini au kutoka jasho.

Kwa mtu mweusi, melanini, yaani rangi asilia ya ngozi, humkinga kwa sehemu kubwa. Melanoma inapompata, mara nyingi huota kwenye nyayo, viganja au chini ya kucha, mahali ambapo jua si chanzo kikuu, na hakuna ushahidi kwamba losheni huizuia hapo. Doa jeusi linalokua unyayoni lahitaji daktari.

Hali ni tofauti kabisa kwa wenye ualbino, ambao Tanzania hukadiriwa kuwa mmoja kati ya watu 1,400. Kwao saratani ya seli bapa huanza mapema, hasa usoni, masikioni, mdomoni na shingoni, na huua watu ambao wangeweza kuishi. Huko Australia losheni huuzwa dukani kama sabuni; kwa mkulima wa kijijini mwenye ualbino, chupa moja ya kutoka nje ni gharama asiyoimudu, na huisha upesi. Ndiyo maana kutengenezwa kwa Kilisun mjini Moshi, losheni iliyobuniwa kwa ajili ya watu hawa na kugawiwa bure, ni hatua kubwa kiafya. Hata hivyo losheni ni kinga tu, na peke yake haitoshi: panahitajika pia kofia ya ukingo mpana, mikono mirefu na kivuli nyakati za adhuhuri, na yote yaanze utotoni. Haiponyi kidonda kilichokwisha kuota. Gamba gumu au kidonda kisichopona kwa wiki kadhaa huweza kuondolewa kwa kugandishwa au kwa upasuaji mdogo likiwahiwa, lakini wengi hufika hospitali wakati uvimbe umekwisha kula nyama ya ndani.