Kisima Kilichofungwa na Mto Unaofurika

Msomaji, ukiifuata njia itokayo Garissa kwenda Garsen, utaona kwamba mto Tana ndio unaogawa riziki ya nchi ile. Wapokomo hulima kandokando yake, na Waorma huwanywesha ng'ombe wao humo wakati wa kiangazi. Mto huo, ambao ni mrefu kuliko yote ya Kenya, huteremka kutoka mlima Kenya na milima ya Aberdare, hupita Nanighi, na humwaga maji yake baharini karibu na Kipini. Mvua zikizidi, maji huvuka kingo, kama yalivyofanya mwaka 1961, 1997 na 2023, barabara zikakatika na watu wakahama.

Chini ya nchi hiyo, hadi Lamu, mafuta na gesi vimetafutwa tangu mwaka 1954. Mwaka huo kampuni za BP na Shell zilianza kazi, na baadaye zikachimba visima kumi, vikiwamo vya Walu, Pandangua, Dodori na Garissa. Katika kisima cha Pate, kilichochimbwa mwaka 1970 na 1971 hata kupita mita 4,000, dalili za gesi zilionekana. Hata hivyo, hakuna hata kimoja kilichokamilishwa kitoe mali. Mwaka 2018 kampuni ya Zarara ilichimba kisima cha pili huko Pate, na bado gesi haikufika sokoni.

Kwa nini basi wenye mitaji husitasita? Kwanza, dalili ya gesi si akiba ya gesi; ni lazima mwamba upimwe, na kila kisima hugharimu fedha nyingi. Pili, mafuta yaweza kupakiwa melini, lakini gesi huhitaji bomba na mnunuzi wa hakika. Tatu, mafuriko yakikata njia, mitambo hukaa bure huku gharama zikiongezeka.

Tazama jirani zetu wa Tanzania. Gesi ya Songo Songo, wilayani Kilwa, iligunduliwa mwaka 1974. Ilianza kutumika Dar es Salaam mwaka 2004. Miaka thelathini ilipita! Gesi yenyewe haikubadilika. Lililobadilika ni kwamba lilijengwa bomba la zaidi ya kilomita 200, na mitambo ya umeme ya Ubungo ikawa mnunuzi.

Sheria ya Petroli ya Kenya ya mwaka 2019 huipa kaunti asilimia 20 ya mapato ya serikali, na wenyeji asilimia 5. Hiyo ni haki njema, lakini fungu la kisima kilichofungwa halinunui hata kibaba cha unga. Kampuni ikipata hasara huandika hesabu yake ikaondoka, mkulima hubaki. Tena maji yaleyale yazuiayo mitambo ndiyo yaletayo udongo wa rutuba kwa mpunga na mahindi yake. Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao.

Kwa hiyo, msomaji, usiidharau gesi, wala usiiote. Jifunze elimu ya miamba, hesabu na sheria, ili siku mgeni atakapofika tena na ramani yake, awepo mwana wa Tana awezaye kuisoma, na kumwuliza: je, mto ukifurika, hasara itakuwa ya nani?