Bwawa Lililo Juu ya Kichwa cha Jirani

Ukitaka kujua maji ni ya nani Turkana, usianzie ofisi za kaunti. Anzia mchangani. Kiangazi kikikolea, mto Tarach pale Kakuma hugeuka barabara ya mchanga, na Kawalase hapa Lodwar vilevile. Juu hakuna hata tone, lakini chini yapo. Familia huchimba mpaka iyafikie, na shimo likienda chini sana watu husimama humo mmoja juu ya mwenzake, wakipokezana chombo mkono kwa mkono hadi juu. Kisima hicho kina wenyewe, nao ni waliokichimba. Mpita njia mwenye kiu atapewa ya kunywa. Akiwa na mifugo, ataomba kwanza, kisha angoje zamu.

Kwa hiyo nikisikia kwamba maji ya mtu binafsi yaliletwa na wazungu, mimi huuliza: binafsi ya namna gani? Kisima cha mtoni kina mwenyewe kadiri jasho lake linavyodumu. Hukizungushia miiba, hukizoa mchanga, halafu mafuriko yakija yanakifuta kabisa. Msimu ukigeuka, anaanza upya. Na kikibomoka, humfukia aliyemo ndani. Hakimfuati mtu nyumbani kwake akiwa amelala.

Bwawa la udongo ni mnyama mwingine. Unachagua mahali bonde linapobana, unarundika udongo wa mfinyanzi, unaushindilia tabaka kwa tabaka, na pembeni unaacha mkondo wa kutolea maji yanayozidi. Huo mkondo ndio roho ya bwawa. Ukiziba au ukiwa mwembamba, maji yatapita juu ya ukuta, na udongo haujui kuvumilia maji yanayopita juu yake. Unamegwa kidogo, halafu sana, halafu wote kwa pamoja.

Wakati wa ukoloni, walowezi wa nyanda za juu walijenga mabwawa ya namna hii kwenye mashamba yao, kwa ng'ombe na mazao. Huku kwetu hayakushika kwa kasi hiyo, na jua lina sehemu yake katika hilo. Lodwar hupata kama milimita 200 za mvua kwa mwaka, na jua lina uwezo wa kukausha zaidi ya milimita 2,000. Silanga isiyo na kina inanywewa na anga kabla ya mbuzi. Aliyechimba mchangani hakuwa mshamba. Alikuwa ameficha maji yake mbali na jua.

Sheria nayo ina hadithi yake ya bwawa, na haikuanzia Kenya. Mwaka 1860, kule Lancashire, Uingereza, tajiri mwenye kinu, John Rylands, alijengewa bwawa dogo la kupeleka maji kinuni. Chini ya ardhi ile kulikuwa na mashimo ya zamani ya makaa ya mawe. Maji yakapenya humo yakafurika mgodi wa jirani, Thomas Fletcher. Mwaka 1868 majaji wa juu kabisa waliamua kwamba anayekusanya kwenye ardhi yake kitu chenye madhara kikitoroka, hukiweka kwa dhamana yake mwenyewe. Kikitoroka, analipa, hata kama hakuzembea. Kenya ilirithi sheria za mazoea za Uingereza, na hadi leo wanafunzi wetu wa sheria wanafundishwa kesi hiyo.

Sasa njoo Solai, Kaunti ya Nakuru. Usiku wa tarehe 9 Mei 2018, katikati ya masika mazito, bwawa la udongo lililojengwa kwenye shamba la mtu binafsi lilipasuka. Maji na matope yaliteremkia vijiji vya Nyakinyua na Energy, watu wakiwa majumbani. Walikufa watu wasiopungua 47, wengi wao wanawake na watoto. Mamlaka ya Rasilimali za Maji ilisema bwawa hilo halikuwa na kibali. Washtakiwa tisa walifikishwa mahakamani kwa kuua bila kukusudia, na Februari 2020 hakimu wa Naivasha akawaachilia, kwa sababu upande wa mashtaka ulishindwa kuendesha kesi. Baadaye Mahakama Kuu ikaufuta uamuzi huo. Nikiweka visa hivi viwili pamoja, kuna kitu kinanikaa kooni. Mgodi wa Fletcher ulipata jibu baada ya miaka minane, na pale hakuna aliyekufa.

Sisi wa Lodwar tunaishi chini ya maji pia. Juu yetu, kwenye korongo la mto Turkwel, lipo bwawa la umma la zege lenye ukuta wa mita 153. Maji yalipopanda sana mwishoni mwa 2020, wakazi wa huku chini walionywa. Bwawa kubwa angalau lina ofisi na watu wa kupima kina. Silanga ya mtu iliyochimbwa na tingatinga kwa siku chache inapimwa na nani?

Naliuliza kwa sababu mabwawa madogo tunayahitaji. Boda zinabeba mitungi ya maji kila asubuhi, Kakuma imekuwa ikipokea watu tangu 1992, na mwenye pesa ya kuchimba hawezi kuambiwa angoje serikali milele. Sheria ya Maji ya 2016 inasema maji yote yako mikononi mwa serikali ya taifa kwa niaba ya wananchi, na ukitaka kuyazuia lazima upate kibali. Lakini karatasi hailindi ukuta. Unalindwa na mtu anayekwenda kuutazama mvua ikinyesha.

Hapo ndipo wazee wa kisima wanatuzidi. Kwao, kumiliki maji ni kazi ya kila siku, na asiyeifanya anapoteza kisima. Mwenye bwawa anaweza kukaa mbali na bado likawa lake. Kisima kiko chini ya miguu ya mwenyewe, bwawa liko juu ya kichwa cha jirani. Anayetaka kuitwa mwenye bwawa, basi kwanza awajue kwa majina wanaolala chini yake.